Hamsini na Saba: Njia ya Chimala na Tabia za Namba Moja Kubwa

Mashariki ya mji wa Mbeya, mwendo wa kilomita 78 kwa barabara kuu iendayo Dar es Salaam, upo mji mdogo wa Chimala katika wilaya ya Mbarali. Upande mmoja wake umetandaa uwanda wa Usangu, nchi ya mpunga na ng'ombe. Upande wa kusini umesimama ukuta wa milima ya Kipengere. Kutoka Chimala huchepuka njia ipandayo ukuta huo hadi Matamba, na kutoka Matamba hadi uwanda wa juu wa Kitulo, ulioko kiasi cha mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Njia hiyo haikupewa jina la mtawala wala la mhandisi. Wenyeji huiita Hamsini na Saba, kwa idadi ya kona zake kali katika sehemu yenye mwinuko mkubwa kuliko zote, na hata vitabu vya wageni waendao kuyatazama maua ya Kitulo vimelichukua jina hilo kama lilivyo.

Si kawaida njia kupewa jina la namba. Aghalabu njia huitwa kwa mahali iendako, au kwa mtu wa kukumbukwa. Namba ikifanywa jina huacha kuwa hesabu tupu. Huwa neno la kutamkwa na kurithishwa, na kila neno lina historia yake. Lakini namba ina jambo la pili ambalo maneno mengine hayana. Ina tabia zake yenyewe, ambazo hazikutungwa na mtu yeyote, na ambazo zingekuwa zile zile lau kona hizo zingehesabiwa na Mchina, na Mwarabu au na Mwanji wa Matamba kwa lugha yake. Historia ya jina na tabia ya namba ni mambo mawili mbalimbali, na Hamsini na Saba ya Chimala ni mahali pazuri pa kuyatazama yote mawili kwa pamoja.

Sikio la mtu wa pwani hutambua mara moja kuwa jina hili lilitoka upande wa bahari. Hamsini ni neno la Kiarabu, saba vilevile. Katika jina zima, kilicho cha Kibantu ni kiungo kimoja tu, nacho ni na. Hata hivyo mpango wa jina ni wa Kibantu. Mwarabu hutanguliza saba, kisha akataja hamsini. Mswahili aliyachukua maneno yale akayapanga kwa utaratibu wa kwao, makumi yakitangulia na mamoja yakifuata, kama asemavyo kumi na moja na kumi na mbili. Maneno yalikopwa, sarufi haikukopwa.

Kabla ya mkopo huo Kiswahili kilikuwa na hesabu yake kamili. Sita iliitwa tandatu, saba iliitwa fungate, na tisa iliitwa kenda. Maneno ya Kiarabu yalipozoeleka sokoni na vyuoni, yale ya zamani yalirudi nyuma, lakini hayakufa yote. Kenda imehifadhiwa na methali isemayo kenda karibu na kumi. Fungate imebaki nyumbani kwa maharusi, ikiwa ni zile siku saba za kukaa ndani baada ya harusi. Ama kwa namba kubwa, mia na elfu zilitoka Uarabuni, laki ilitoka Bara Hindi pamoja na biashara yake, na milioni ikaja na Wazungu. Mtu anayetaja namba kubwa kwa Kiswahili huivuka Bahari ya Hindi kwa pumzi moja.

Maneno hayo yalipandaje hadi chini ya Kipengere? Yalipanda kwa miguu. Katika karne ya 19 misafara ya pwani ilifika Usangu kwa watawala walioitwa Merere. Mwaka 1877 Frederic Elton, Mwingereza aliyewahi kutumika katika ubalozi wa nchi yake Unguja chini ya John Kirk, alitoka upande wa Ziwa Nyasa akaipita milima hiyo hadi kwa Merere. Alifariki dunia Ugogo mwezi Disemba mwaka huo huo, kabla ya kuifikia pwani, na uwanda wa Kitulo ukabaki ukiitwa kwa jina lake katika ramani za Kizungu. Miongoni mwa watu waliotoka pwani wakafanya maskani Usangu walikuwamo Mabulushi, ambao watu wa Zanzibar wanawafahamu kwa uaskari wao katika enzi ya masultani. Wao na vizazi vyao ndio wanaotajwa kuwa waanzilishi wa kilimo cha mpunga wa kumwagilia katika uwanda ule, katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Utawala wa Kijerumani ulikifanya Kiswahili kuwa lugha ya maboma na shule zake. Baada ya uhuru ikaja barabara kuu ya lami iendayo Zambia. Ikaja reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Na katika miaka hiyo hiyo ya 1970 likaanzishwa, kwa msaada wa China, shamba kubwa la mpunga la Mbarali. Basi aliyezihesabu kona za mlima kwa maneno ya pwani alikuwa na mashamba ya mpunga chini ya macho yake, na mashamba hayo nayo yalikuwa na nasaba ya pwani.

Hiyo ndiyo historia ya jina. Sasa ni zamu ya namba yenyewe.

Katika vitabu vya hesabu vya shule za msingi Tanzania, namba hupewa majina matatu yenye maana nzito. Inayogawanyika kwa mbili bila baki ni shufwa. Isiyogawanyika kwa mbili ni witiri. Na ile iliyo kubwa kuliko moja, isiyo na kigawo chochote ila moja na yenyewe, ni tasa. Shufwa na witiri ni maneno ambayo Mwislamu wa pwani ameyasikia tangu utotoni: witiri ni sala ya usiku yenye rakaa zisizo shufwa, na maneno yote mawili hutajwa pamoja mwanzoni mwa Suratul Fajr. Tasa ni neno la nyumbani zaidi. Waarabu huziita namba hizo za kwanza, na lugha nyingi za Ulaya hufanya vivyo hivyo. Kiswahili kiliziangalia kwa jicho la ukoo, kikazipa jina la asiyezaa.

57 ina sura ya utasa. Ni witiri, haiishii kwa tano, wala haimo katika majedwali ya kuzidisha ambayo watoto huyaimba darasani hadi kumi na mbili. Husimuliwa kwamba Alexander Grothendieck, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa karne ya 20 aliyefanya kazi Ufaransa, aliombwa siku moja atoe mfano wa namba tasa, akajibu 57. Na kwa utani wanahisabati wameendelea kuiita namba tasa ya Grothendieck. Lakini 57 si tasa. Tano na saba zikijumlishwa ni 12, na namba ambayo jumla ya tarakimu zake hugawanyika kwa tatu, yenyewe pia hugawanyika kwa tatu. 57 ni 3 mara 19. Uzazi huo uliojificha ni jambo dogo kwa namba ndogo, lakini matokeo yake huwa makubwa 57 ikifanywa mbegu ya namba nyingine.

Njia mashuhuri ya kuipanda mbegu kama hiyo imo katika hadithi ya sataranji. Aliyeubuni mchezo huo, yasema hadithi, aliulizwa na mfalme wa Hindi ataje zawadi aitakayo. Akaomba punje moja ya ngano kwa chumba cha kwanza cha ubao, mbili kwa cha pili, nne kwa cha tatu, na kuendelea maradufu hadi chumba cha 64. Mfalme aliona ombi ni duni, mpaka wahasibu wake walipomweleza kuwa ghala zake zote hazitoshi. Hadithi hiyo ilisimuliwa na al-Yaqubi katika karne ya 9, na al-Biruni, aliyeishi kati ya 973 na 1048, aliipiga hesabu yake hadi mwisho: punje 18,446,744,073,709,551,615. Ibn Khallikan, katika karne ya 13, anaeleza kuwa aliitilia shaka jumla hiyo mpaka mhasibu mmoja wa Iskandaria alipomwonyesha kwa karatasi namna punje za chumba cha 16, zilizo 32,768, zinavyokuwa kipimo kimoja cha nafaka, na namna vipimo hivyo vinavyogeuka kuwa maghala.

Wapenzi wa ushairi wana sababu yao wenyewe ya kuifahamu 64. Ubeti wa tarbia, uliopata sifa Mombasa kwa ulimi wa Muyaka bin Haji, una mishororo minne, na kila mshororo una mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao. Mara nne 16 ni 64. Kila ubeti wa tarbia una mizani sawasawa na vyumba vya ubao wa sataranji. Mtu akipanda kutoka Chimala huku akitamka mizani moja kwa kila kona, kona ya 56 itamkuta amemaliza ukwapi wa mshororo wa mwisho. Kona ya 57 itaufungua utao, na mlima utamwishia akiwa bado na mizani saba mdomoni, yaani fungate nzima.

Ngano ya hadithi na ibadilishwe kwa mpunga wa Usangu. Iwekwe punje moja kwenye kona ya kwanza, mbili kwenye ya pili, nne kwenye ya tatu, na maradufu hivyo hivyo hadi kona ya mwisho. Punje elfu moja za mpunga huwa na uzito wa kiasi cha gramu 25. Methali husema haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba hujaa mapema: kufikia kona ya 15 punje zote kwa pamoja ni 32,767, karibu gramu 800, pungufu kwa punje moja tu ya kile kipimo cha mhasibu wa Iskandaria. Kufikia kona ya 19, ambayo ni theluthi ya njia, punje ni 524,287. Hizo ni kilo 13, kiasi cha debe moja. Mpaka hapo mzigo hubebwa kichwani na mtu mmoja. Kufikia kona ya 38, theluthi ya pili, punje ni 274,877,906,943, karibu tani 6,870, na malori 687 ya tani kumi kumi yangehitajika kuziteremsha.

Theluthi ya tatu haina lori la kuitosha. Kona ya 57 peke yake hudai punje 72,057,594,037,927,936, na kona zote pamoja hudai 144,115,188,075,855,871. Uzito wake ni tani bilioni 3.6. Dunia nzima, pamoja na China na India, huvuna mpunga wa kiasi cha tani milioni 800 kwa mwaka. Mavuno yake ya miaka minne yasingetosha. Tanzania, hata ikikadiriwa kuvuna tani milioni 3 kila mwaka, ingelima miaka 1,200. Haba na haba ya methali ni hesabu ya kujumlisha, na subira huiweza. Maradufu ni hesabu ya aina nyingine: kwa muda mrefu hufanana na haba na haba, kisha huachana nayo ghafla. Mfalme wa hadithi hakuwa mjinga wa kuhesabu. Alidhani tu kuwa kona 19 za mwisho zitafanana na 19 za mwanzo. Kila aliyewahi kukopa kwa riba inayozaa riba anaielewa dhana hiyo na gharama yake.

Jumla hiyo ina tarakimu 18. Kwa Kiswahili ni kwadrilioni 144, trilioni 115, bilioni 188, milioni 75, laki nane, elfu hamsini na tano, mia nane sabini na moja. Kwadrilioni haisikiki sokoni, wala haina sababu ya kusikika, lakini mpango wa kuitamka ni ule ule wa hamsini na saba: kikubwa hutangulia, kidogo hufuata, na kiungo na hufunga mwisho. Neno la mwisho katika mlolongo wote ni moja. Na moja hiyo ina maana yake. Kila kona isipokuwa ya kwanza ilitoa idadi ya shufwa. Ni punje moja ya chini kabisa ya mlima iliyoifanya jumla nzima kuwa witiri.

Hapa ndipo uzazi wa 57 unapodhihirika. Kona tatu za mwanzo zina punje 1, 2 na 4, na jumla yake ni 7. Tatu zinazofuata zina 8, 16 na 32, jumla 56, yaani 7 mara 8. Fungu lolote la kona tatu, hata la juu kabisa, ni saba iliyozidishwa. Kwa kuwa kona 57 ni mafungu 19 ya kona tatu tatu, na hakuna kona ibakiayo peke yake, lazima jumla nzima igawanyike kwa 7. Warithi saba wangeweza kugawana rundo lile pasina kesi, kila mmoja akapata punje 20,587,884,010,836,553. Hoja hii haikuhitaji mtu aigawanye namba yenye tarakimu 18. Ilihitaji tu kuzipanga kona.

Kona hizo zaweza kupangwa kwa njia ya pili, mafungu matatu ya kona 19. Fungu la kwanza lina punje 524,287. La pili lina idadi hiyo hiyo iliyozidishwa kwa 524,288, na la tatu limezidishwa kwa 524,288 mara mbili mfululizo. Kwa hiyo jumla nzima hugawanyika pia kwa 524,287, lile debe la kona ya 19. Debe hilo halipasuki tena: Pietro Cataldi wa Italia alithibitisha mwaka 1588 kuwa 524,287 ni tasa. Kazi ikikamilishwa, vigawo tasa vya namba ya Chimala huwa vinne: 7, 32,377, 524,287 na 1,212,847. Vikizidishwa pamoja hurudisha jumla ile ile bila punje kupungua.

Anayetaka kuhakiki bila kuzidisha anaweza kutumia mizani ya kale ya wahasibu wa Kiarabu na wa Kihindi, ya kutupa kenda. Kila namba hujumlishwa tarakimu zake na kenda hutupwa mpaka ibaki tarakimu moja. 7 hubaki 7; 32,377 hubaki 4; 524,287 hubaki 1; 1,212,847 hubaki 7. Mazao ya 7, 4, 1 na 7 ni 196, ambayo hubaki 7. Nayo namba kubwa, tarakimu zake zikijumlishwa, ni 79, ambayo hubaki 7. Pande mbili zimelingana. Mizani hii haithibitishi kuwa hesabu ni sahihi, kwa kuwa makosa mengine huipita. Hukamata tu makosa mengi kwa haraka, na kwa mfanyabiashara hilo lilitosha.

Thamani ya uzazi huo huonekana zaidi njia ikirefushwa kwa kona kumi. 67 ni tasa kweli, na kona zake hazipangiki kwa mafungu yaliyo sawa. Mtawa wa Kifaransa Marin Mersenne, katika kitabu chake cha mwaka 1644, aliiorodhesha jumla ya maradufu 67 miongoni mwa namba alizodai kuwa ni tasa. Dai hilo lilidumu zaidi ya karne mbili. Mwaka 1876 Édouard Lucas alithibitisha kuwa si tasa, ila hakuweza kuvitaja vigawo vyake. Mwaka 1903, mbele ya mkutano wa wanahisabati wa Marekani, Frank Nelson Cole alisimama ubaoni, akaiandika 147,573,952,589,676,412,927, kisha akaizidisha kwa mkono 193,707,721 kwa 761,838,257,287, na matokeo yakawa yale yale. Husimuliwa kuwa alifanya hayo pasina kutamka neno. Namba kama hizo ndizo zinazosakwa hadi leo kwa kompyuta. Namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana hadi ilipotangazwa mwezi Oktoba 2024 ni jumla ya maradufu 136,279,841, nayo ina tarakimu zaidi ya milioni 41. Wasakaji hao hawasimami kwenye 57, maana hujua tangu mwanzo kuwa si tasa. Lakini siri ambayo 67 iliificha kwa miaka 259 baada ya Mersenne, 57 huitoa kwa mtoto ajuaye kupanga mawe matatu matatu.

Iko tabia nyingine, nayo iliwapendeza wasomi wa Kiislamu kabla ya Mersenne. Wagiriki waliita timilifu namba iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vilivyo vidogo kuliko yenyewe. 6 ni timilifu, kwa kuwa 1, 2 na 3 hufanya 6. 28 ni timilifu, kwa kuwa 1, 2, 4, 7 na 14 hufanya 28. Euclid, kiasi cha mwaka 300 kabla ya Kristo, alionyesha njia ya kuzipata. Kwa mfano wa Chimala njia hiyo ni hii: popote jumla ya punje inapokuwa tasa, izidishwe kwa punje za kona ya mwisho iliyofikiwa, na matokeo yatakuwa timilifu. Kwenye kona ya 3 jumla ni 7 na kona yenyewe ina 4. Mara nne 7 ni 28. Kwenye kona ya 19 jumla ni 524,287 na kona yenyewe ina 262,144. Zikizidishwa hutoa 137,438,691,328. Hiyo ni namba timilifu ya saba. Ilikwisha kuandikwa na Ismail bin Ibrahim bin Fallus, aliyezaliwa mwaka 1194, katika orodha yake ya namba kumi timilifu, ambazo saba kati yake ni sahihi. Hivyo wazazi wawili wa 57, yaani 3 na 19, kila mmoja huzaa timilifu yake: wa kwanza 28, na wa pili ile ya Ibn Fallus.

28 ina makazi ya zamani pwani. Ndiyo idadi ya herufi za Kiarabu, ambazo Kiswahili kiliandikwa kwazo kwa karne nyingi, na ndiyo idadi ya manazili ya mwezi. Kila herufi kati ya 28 ilipewa thamani katika hesabu ya abjadi, kuanzia alifu iliyo 1 hadi ghaini iliyo 1,000, na kwa hesabu hiyo jina lolote huwa namba. Jina Majiid, mojawapo ya majina mema ya Mwenyezi Mungu, lina mimu 40, jimu 3, ya 10 na dali 4. Jumla yake ni 57. Sayyid Majid bin Said, Sultani wa Zanzibar kuanzia 1856 hadi 1870, aliyeanzisha mji wa Dar es Salaam, jina lake huandikwa kwa alifu mahali pa ya, na thamani yake ni 48. Baina ya jina la Mola na jina la mja upo upungufu wa kenda.

Mtu wa abjadi angeweza kukaa muda mrefu katika tofauti hiyo. Hata hivyo inafaa mipaka iwekwe. Ujirani wa 57 na Majiid ulitokana na makubaliano ya watu, waliozipa herufi thamani kwa mpangilio fulani. Wangezipanga vingine, ujirani ungevunjika. Ujirani wa namba ya Chimala na 7 haukutokana na makubaliano. Herufi zote zikisahauliwa na lugha zote zikinyamaza, mafungu ya kona tatu tatu yatabaki kuwa saba saba. Mshairi ana haki ya kuufurahia ujirani wa kwanza, na historia ya pwani haielezeki bila huo. Wa pili ni wa kila mtu.

Lakini kitu cha kila mtu hufikiwa kwa lugha ya mtu fulani. Tangu 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali Tanzania Bara, na mwaka huo huo likaundwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Katika miaka iliyofuata istilahi za hesabu zilisanifiwa na kuingizwa vitabuni: tasa, witiri, shufwa, kigawo, kipeo. Hayakuwa maneno ya kubahatisha. Baadhi yalichukuliwa msikitini, baadhi ukooni, baadhi katika vitenzi vya kila siku, na yote yalikaa katika Kiswahili bila kuonekana mageni. Sekondari, hata hivyo, ziliendelea na Kiingereza. Visiwani, sera ya elimu ya mwaka 2006 ilielekeza hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Kwa hiyo maneno hayo yalipewa maisha mafupi. Mwanafunzi huambiwa 57 si tasa akiwa na umri wa miaka kumi, na anapokuwa na akili ya kuuliza kwa nini jumla ya maradufu yake nayo si tasa, neno lenyewe limekwisha kuachwa katika daftari la zamani.

Hoja iletwayo mara kwa mara ni kuwa Kiswahili ni lugha ya mashairi, haina nafasi kwa mambo mazito ya namba. Wanaosema hivyo wamesahau kuwa mashairi yenyewe ni kazi ya kuhesabu. Mtunzi wa tarbia huhesabu 64 katika kila ubeti, na watunzi wa tenzi za kale waliona fahari kutaja katika beti za mwisho tarehe ya utungo na idadi ya beti zake. Lugha iliyohesabu mizani kwa karne kadhaa haishindwi kuhesabu punje. Kilichopungua ni desturi ya kuendelea nayo baada ya darasa la saba.

Kwenye mlima wa Chimala desturi hiyo iliendelea bila amri ya mtu. Watu walipanda njia ngumu, wakazihesabu kona zake, wakaipa idadi hiyo jina kwa maneno mawili ya Kiarabu na kiungo kimoja cha Kibantu. Aliyezihesabu hakuhitaji kujua habari za Ibn Fallus wala za Mersenne. Alihitaji hesabu iliyo sahihi, na lugha ambayo mwingine angeielewa. Yanayobaki, yaani saba ya mafungu matatu, debe la kona ya 19 na rundo lisilotoshewa na mavuno ya dunia, yote yalikwisha kuwamo ndani ya jina siku lilipotamkwa mara ya kwanza.